Jina Ambalo Halikusomwa Redioni

Niliondoka Butembo kwenda Beni kwa sababu jina langu halikusomwa redioni. Kuna watu wanaosafiri kwa kuwa wameitwa. Mimi nilisafiri kwa kuwa sikuitwa, na kama mnaniona mzee mwenye kichwa kigumu, nisikilizeni kwanza mpaka mwisho.

Ilikuwa asubuhi, saa ya matangazo. Chumba ninachopanga kiko juu ya kilima, na siku isiyo na mvua redio ya Beni inashika kule vizuri. Naisikiliza kila siku, na si kwa ajili ya habari; habari za kwetu mtu anaweza kuzikisia hata bila redio. Beni ni mji wa marehemu mke wangu Zaina, na tangu alipofariki, miaka kadhaa sasa, hakuna sauti nyingine ya kule inayoingia chumbani mwangu. Basi nachemsha chai, nakaa kitandani, nasikiliza majina ya watu waliokufa na majina ya watu wanaotafutwa.

Siku ile mtangazaji alisoma kwamba familia inajulisha kwa huzuni kubwa kifo cha Mama Hadija, kilichotokea jana, na kwamba amezikwa jana hiyohiyo alasiri. Wajulishwe Bwana Musa wa Mambasa, Mama Fatuma wa Kasindi, ndugu wote wa Bunia, wakwe wa Oicha, na familia rafiki ya Mangina. Kilio kiko nyumbani kwa marehemu, nyuma ya msikiti.

Mama Hadija alikuwa mama mkwe wangu. Nilikaa na kikombe mkononi nikingoja, maana tangazo husomwa mara mbili. Likasomwa tena. Mambasa, Kasindi, Bunia, Oicha. Hata wale wa Mangina, ambao Mama alikuwa akinunua mchele kwao tu, walikuwa na nafasi yao. Kakule wa Butembo, mume wa binti yake wa kwanza, hakuwemo. Nilihuzunika kwa ajili ya Mama, halafu nikajihuzunikia mwenyewe, na sitadanganya kwamba ile huzuni ya pili ilikuwa ndogo.

Lazima niwaeleze kwa nini jina redioni ni jambo kubwa kwangu. Mimi ni mtu wa Lubero, na kwetu tangazo la kifo huanza na wakwe. Ukimruka mkwe, umemwambia kitu, na kila mtu anayesikiliza amekielewa. Tena katika ujana wangu nilikuwa mpeleka telegramu hapa Butembo, wakati posta ilipokuwa posta. Mwenzangu ndani alipokea maneno kwenye mashine, mimi nikapanda baiskeli na kuyapeleka kwenye milima hii. Kila neno lililipiwa, kwa hiyo watu walikata yote yanayoweza kukatwa, salamu, pole, sababu, wakabakiza mifupa: Baba mgonjwa njoo. Kata kila kitu, lakini jina la unayemwita, lile la juu ya karatasi, hulikati. Ilikuwa kazi ya upweke. Watu wakiniona tu nashuka na baiskeli walikaa chini kabla sijafungua mdomo, na hakuna aliyenikaribisha chakula, kwa sababu hakuna anayetaka kula na mtu aliyeleta habari kama zile.

Mara moja tu nilileta telegramu ya furaha, nayo ilikuwa yangu. Baba yake Zaina, Mwislamu mwenye magari ya mizigo, alikuwa ameniacha ningoje jibu tangu mvua mpaka kiangazi. Siku ilipofika, mwenzangu alinikabidhi karatasi iliyokunjwa, akageuza uso ili nisione anavyocheka. Binti amekubali njoo na wazee. Kwa utaratibu wa kazi ilibidi nijipelekee mwenyewe na kujiwekea sahihi kwamba nimepokea. Nilifanya hivyo. Nilitoka nje na baiskeli, nikazunguka jengo, nikarudi, nikajipa.

Posta ile ilikufa polepole. Mashine zilinyamaza, mishahara ikanyamaza zaidi, na leo barazani pale vijana wanauza vocha za simu. Watu wanasema telegramu imekwisha duniani. Haikwisha. Ilihamia redioni. Huku kwetu ukitaka kumwita mtu aliye mahali ambapo simu haifiki, unaandika mistari michache kwenye nusu karatasi, unaipeleka redio, nao wanaisoma asubuhi, mchana na jioni. Ndiyo ileile, imepata mdomo tu.

Mimi na Zaina hatukujaliwa mtoto. Mtu mwenye watoto, hata mke akifa, bado ana damu yake kwa wakwe, na wakimsahau yeye hawawezi kuwasahau wajukuu. Mimi sikuwa na kitu cha kuwakumbusha. Kama Mama Hadija amekufa nami sikutajwa, basi uzi wa mwisho umekatwa, na hapa duniani hakuna tena nyumba ambayo naweza kuingia bila kubisha hodi. Hilo ndilo nililokwenda kujua. Nilitaka kujua kama bado nina watu.

Na kulikuwa na njia ya kulijua bila kumuuliza mtu. Familia ile ni Waislamu, lakini ni Wanande kama sisi, na nyumba yao ina desturi yake: moto wa kilio, ule unaowashwa uani ili wanaume wakae kuuzunguka mpaka matanga yaishe, huwashwa na mume wa binti wa kwanza. Si mtoto wa kiume, si ndugu. Alipokufa baba mkwe niliuwasha mimi, huku Zaina akinionyesha kwa macho mlangoni ni kuni zipi kavu. Nikajiambia kwamba nikifika nikaukuta moto unawaka, ina maana umewashwa na mwingine, na mimi nitatoa pole na kurudi.

Asubuhi ileile nilishuka sokoni, nikanunua gunia dogo la viazi vya Musienene, maana mkwe haendi kilioni mikono mitupu, na Beni kwenye joto lao wanavipenda viazi vya kwetu vya baridi. Nilipata nafasi mbele kwenye Fuso iliyobeba kabichi. Dereva alikuwa kijana mwenye heshima, aliyezima muziki wake nilipomwambia naenda kilioni. Tukatoka mjini, tukaacha nyumba za bati, mikaratusi ikaanza pande zote mbili za barabara.

Kabla ya Maboya dereva alinitazama kwa pembe ya jicho.

"Papa, uko nasema peke yako."

"Niko natafuta maneno ya kusema kule."

"Kule wapi?"

"Kwa bakwe."

"Kwa bakwe banasemaka tu pole," alisema, "halafu banakula."

Nilicheka, na nikashangaa kusikia sauti ya kicheko changu, kwa sababu ilikuwa muda mrefu. Mtu anayeishi peke yake husahau jinsi anavyocheka.

Kabasha, barieri, kizuizi cha wanajeshi. Wote tunashuka, gari linapita tupu, nasi tunapita kwa miguu mbele ya kamba tukiwa na kadi za uchaguzi, ndizo vitambulisho vyetu, mkononi. Watu hawaongei pale. Kila mmoja anaijua barabara hii na mambo yake, na kila mmoja anaangalia viatu vyake. Mwanajeshi alichukua kadi yangu, akaishika mbali na macho, akasoma jina langu lote kwa sauti, polepole. Nilifikiri: ona, leo hatimaye kuna mtu aliyelisoma.

"Okei wapi, papa?"

"Beni, ku kilio."

"Kilio ya nani?"

Swali lenyewe ndilo hilo. "Ya mama mukwe yangu."

"Ah, bokilo," akasema, yaani mkwe kwa Kilingala, na uso wake ukalainika, akanirudishia kadi kwa mikono miwili. "Bokilo ni mutu munene. Leka, papa."

Nikapita. Yule kijana, mtu wa mbali kabisa, alikuwa amenihesabu mkwe bila shida yoyote. Niliwaza kwamba laiti yeye ndiye angeandika lile tangazo.

Tulianza kushuka. Baridi ya kwetu ilibaki nyuma, nikavua koti alilonichagulia Zaina, migomba ikawa mirefu, na michikichi ikaanza kuonekana. Kila nilipokuwa nikipita hapa na Zaina, yeye ndiye aliyesema sasa vua koti. Alisema kila safari, kama kwamba mimi sina ngozi ya kuhisi joto. Safari hii nililivua kabla ya mahali pake, nikaona nimefanya haraka, nikalivaa tena, na tulipofika pale hakuna aliyesema vua.

Beni, mchana. Sikwenda moja kwa moja kwenye kilio. Niliomba kumwachia mwanamke muuza ndizi gunia langu, nikaenda kwanza kwenye nyumba ya redio. Nataka muelewe kwamba nilikuwa bado na tumaini dogo la kikazi. Katika siku zangu niliwahi kuona neno linapotea njiani, mwenzangu akiruka mstari kwa usingizi. Huenda jina langu liliandikwa na msomaji akaliruka. Kosa la namna hiyo ningelisamehe papo hapo, tena ningemshukuru aliyelifanya.

Mtangazaji alikuwa dada mmoja anayeitwa Kavira. Sauti yake naijua kuliko sauti ya jirani yangu, lakini uso wake niliuona siku hiyo kwa mara ya kwanza, na nilijisikia vibaya kidogo, kwa kuwa yeye hakuwa ananijua hata chembe.

"Karibu, papa. Unaleta communiqué?"

"Hapana, tangazo sina. Nilitaka kuuliza kama asubuhi ulisahau jina moja. Ile communiqué ya Mama Hadija."

Hakukasirika. Alitafuta kati ya karatasi, akanipa moja. "Angalia weye mwenyewe. Mi nasomaka tu yenye banaandika. Hapana kuongeza, hapana kupunguza."

Mambasa, Kasindi, Bunia, Oicha, Mangina. Mwandiko ulikuwa wa shemeji yangu Idi, kaka yake Zaina, nilioujua tangu zamani. Nikamrudishia karatasi yake, nikasema asante, mambo ni sawa. Hayakuwa sawa. Niliomba nikae kidogo kwenye benchi.

Wakati nimekaa aliingia mama mmoja kutoka upande wa Mabalako, kiredio kidogo kimefungwa kiunoni kwa kitenge, matope ya shamba bado miguuni. Hakuwa na karatasi. Alimwambia Kavira aandike, naye Kavira tayari alikuwa anaandika kabla hajaambiwa, maana mama huyo huja kila juma na maneno yaleyale.

"Paluku asikie. Mama yako iko. Nyumba iko. Kuja."

Nilimuuliza huyo Paluku ni nani. Ni mwanawe, akasema, alikwenda msituni kwenye machimbo.

"Anajibuka?"

"Bado. Mais kule simu hapana kufika. Redio njo inafika. Akisikia jina yake, anajua kama niko namutafuta. Mutu ya karibu banamuitaka na mudomo. Ule mwenye alipotea, njo banamusomea jina."

Alisema hivyo kwa kawaida tu, akafunga kitenge chake, akaondoka. Sikuyashika maneno yake. Nilichosikia mimi ni kwamba kuna mtu msituni ambaye huenda hata hasikilizi, na jina lake linasomwa kila juma, wakati mimi ninayesikiliza kila asubuhi sisomwi. Nilimwonea wivu mtoto wa watu aliyepotea. Sioni aibu kusema hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa.

Alasiri nilichukua gunia langu nikaenda nyuma ya msikiti. Nilipokuwa bado mbali kidogo niliona moshi. Ulikuwa unapanda juu ya paa la nyumba ya Mama Hadija, mweupe, wa kuni mbichi, kutoka upande wa uani. Basi moto ulikuwa umewashwa. Nilisimama njiani na gunia begani na watu wakanipita. Nilifikiri kugeuka palepale. Lakini mtu hageuki na viazi mbele ya nyumba ya kilio, nikajikaza.

Mbele ya nyumba, kando ya barabara, walikuwa wamefunga turubai na kupanga viti vya plastiki kwa ajili ya wageni. Niliweka gunia langu pamoja na vitu vya wageni, nikatafuta kiti cha mwisho kabisa, nikakaa. Wazee wawili nisiowajua walinisalimia. Mmoja aliniuliza nilimjuaje marehemu. Nikasema alikuwa mtu mwema, na kwa kweli alikuwa mtu mwema. Mimi Mkatoliki sikuwahi kukosa sahani yangu katika nyumba ile wakati wa Ramazani mchana, yeye mwenyewe akiwa amefunga.

Nilikuwa nahesabu nitaondoka lini bila kuvunja adabu wakati Mwamvita, mdogo wake Zaina, alipotoka na birika la chai ya wageni. Alimimina kiti hadi kiti. Alipofika kwangu alisimama na birika likiwa limeinama, lakini hakumimina.

"Shemeki, ni weye? Uko nafanya nini huku pa bageni?"

"Niko najikalia."

"Ju ya nini?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri tangu Maboya. Yote yalitoroka. "Jina yangu habakuisoma ku redio, Mwamvita. Nikaona nikae penye bageni banakaa."

Aliniangalia muda mrefu. Ana macho ya Zaina, na sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Akaweka birika chini, akasema, "Ngoja niite Idi," akaenda haraka bila kummiminia mtu mwingine.

Idi alikuja amekunja kanzu, macho mekundu. Amezeeka. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yetu yakigusana karibu, na hakuanza kwa pole, aliniita beau, yaani shemeji, kama zamani.

"Beau, Mwamvita ananiambia ulitaka tukutangaze ku redio."

"Mulitangaza hata batu ya Mangina."

"Donc weye na batu ya Mangina ni sawa?" Alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu ya wageni, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angepaza. "Redio iko ya batu ya mbali. Mutu ya nyumba tunamutumia mutu. Jana, kabla ya kuosha Mama, dereva wetu Sefu alipanda pikipiki akaenda kukuchukua. Akapiga hodi ku nyumba yenu. Akatoka mwanamuke mwenye hapana kukujua. Akasema ule mzee aliuzisha, alihama. Tukapiga simu yako mpaka tukachoka."

Simu yangu ilikuwa kabatini, haina chaji tangu sijui lini. Niliiacha kule kwa sababu ilikuwa hailii. Na nyumba yetu niliiuza kwa sababu ilikuwa na vyumba vingi vya Zaina, nikapanga juu ya kilima, na sikumwambia mtu wa Beni. Nilidhani hakuna wa Beni anayehitaji kujua.

"Tulimungojesha Mama ndani," Idi aliendelea. "Sheikh anasema tuende, mi nasema bado, mukwe iko njiani. Mpaka alasiri. Mwisho akasema haifai tena. Tukaenda bila weye."

Mwamvita, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha kaka yake, alisema, "Shiye tulilia mara mbili. Mutu kuhama bila kusema, ni kusema nini? Mi nilisema labda ulioa, hapana unatutaka tena."

"Sikuoa."

"Sasa najua. Uko namuvalia Zaina lile koti lake mpaka ku joto hii."

Nilijiangalia. Kweli nilikuwa bado nimevaa koti.

Idi akanishika mkono, akaninyanyua, na tukapita mlangoni bila yeyote kubisha hodi, tukaingia uani. Moshi ulikuwa wa jikoni, upande ule, ambako akina mama walikuwa wanapika. Katikati ya ua, mahali pa moto wa kilio, magogo yalikuwa yamepangwa vizuri, vichwa vyao vikielekeana, yamefunikwa bati kwa sababu ya mvua ya jana. Hayakuwa na jivu hata kidogo. Wanaume wa nyumba ile walikuwa wamekaa kuyazunguka, mablanketi yenye unyevu magotini, na nikatambua kwamba walikuwa wamelala hivyo, na mvua, mbele ya kuni baridi.

"Bajirani banatucheka tangu jana," alisema Idi. "Wengine banataka kutuwashia. Nikakatala. Hii moto iko na mwenyewe."

Nililia pale. Sitaeleza zaidi. Nililia kwa ajili ya Mama Hadija niliyechelewa kumzika, na nililia kwa sababu nilikuwa nimekaa kule nje karibu saa nzima nikijihurumia huku watu wangu wakiningoja upande wa pili wa ukuta.

Mwamvita alileta makaa kwenye kipande cha bati. Kuni zilikuwa na unyevu, zikanikataa mara ya kwanza. Mtu mmoja akasema alete mafuta, nikasema hapana, huu hauwashwi na mafuta. Nilivua koti hatimaye, nikapiga magoti, nikapuliza. Mlangoni hakukuwa na mtu wa kunionyesha kwa macho ni zipi kavu. Nilizitafuta kwa mkono, moja moja, mpaka nikazipata. Ukawaka. Wanaume walisogeza tu viti vyao, na kimoja kikaachwa wazi karibu na cha Idi.

Jioni, baada ya swala, tulikula viazi vyangu. Idi alikuwa ametulia. Akaniuliza kama bado ninayo ile telegramu ya baba yake. Nikasema ninayo.

"Ile ilikuwa ya kwanza na ya mwisho," akasema. "Kisha pale, ulipataka tena telegramu ya kwetu? Hata moja?"

Nilitafuta kichwani. Alipokufa baba mkwe, nilikuwa bado kazini posta, na mashine ilikuwa bado inafanya kazi. Lakini aliyekuja alikuwa kijana wao mmoja, mavumbi mpaka kwenye nyusi, amesafiri siku nzima juu ya lori. Nakumbuka nilimshangaa, kwa nini watu hawa wanajisumbua hivi wakati telegramu ipo. Shangazi yao alipofariki, mtu. Mwamvita alipoolewa, mtu, tena na kuku. Miaka yote ile nilipeleka telegramu za watu kwenye kila kilima cha Butembo, na hakuna siku niliyojiuliza kwa nini za Beni haziji kwangu.

"Wakati ule ulikuwa mugeni," alisema Idi. "Njo maana Baba alituma telegramu."

Kesho yake asubuhi walinipeleka makaburini. Udongo ulikuwa bado mwekundu, mbichi. Nilisema sala zangu za Kikatoliki kimyakimya, Idi akasema zake. Hilo la kumchelewea Mama halitanitoka. Wamenisamehe, lakini aliyengojeshwa ni Mama, si wao.

Nilikaa mpaka matanga yalipoondolewa, nikauzima moto mwenyewe, kama inavyotakiwa. Siku ya kurudi, Sefu ndiye aliyeniendesha mpaka Butembo, kwa amri ya Idi, ili aone kwa macho yake mlango wangu uko wapi. Kabasha nilimtafuta yule mwanajeshi nimwambie alisema kweli, lakini zamu ilikuwa ya mwingine. Tulipoanza kupanda nilivaa koti mahali pake. Sefu alipanda kilima nami, akatazama chumba changu, kitanda kimoja, kikombe kimoja, redio, akasema tu, "Sawa, papa, nimeona." Alipoondoka, kimya kilirudi kukaa mahali pake pa siku zote. Sitaki mfikiri kwamba upweke wangu umekwisha. Jioni bado ni ndefu, na chai ni ya mtu mmoja.

Lakini nilichojifunza nimejifunza, nami mtu wa kazi ile nilipaswa kukijua zamani. Telegramu haijafa wala haitakufa, kwa sababu watu walio mbali hawatakwisha. Yule mama wa Mabalako ataendelea kulisomesha jina la Paluku wake, na ana haki. Namwombea kijana aje, ili jina lake lisisomwe tena.

Juzi asubuhi, saa ya matangazo, mvua haikuwepo na Beni ilishika vizuri. Kavira alisoma kwamba familia inawajulisha ndugu na marafiki kuhusu arobaini ya marehemu Mama Hadija. Wajulishwe Bwana Musa wa Mambasa, Mama Fatuma wa Kasindi, ndugu wote wa Bunia, wakwe wa Oicha, na familia rafiki ya Mangina. Nilikaa kitandani na kikombe mkononi, nikasikiliza mara ya kwanza mpaka mwisho, nikasikiliza na mara ya pili. Jina langu halikusomwa. Nikazima redio, nikachukua koti, nikaenda kuufungua mlango, ili Sefu akifika asipige hodi.